Usinifungie Hewa

Nekesa mwanangu,

Nguo zako nimezirudisha kwenye begi. Zote, hata ile sweta uliyoificha chini ya godoro langu ukidhani kipofu hapapasi. Nimezikunja vibaya, najua, lakini zimo. Begi lenyewe haliko tena nyumbani. Liko hapa dukani kwa Zaituni, nyuma ya cherehani, ili usije ukalifungua mara ya pili. Kesho asubuhi utalichukua hapa, msichana wa dukani atakupa pamoja na barua hii, utapanda basi la Kampala, na kutoka huko utaendelea mpaka Mbarara kwenye chuo kilichokuita. Hayo ndiyo maagizo. Mambo ya kufua na kula na wanaume sikuambii. Nimekulea mwenyewe tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni. Kama hukuyashika wakati huo, karatasi haitakusaidia.

Mkono ni wa Zaituni, kama unavyoona. Ameacha gauni la bibi harusi wa watu ili aniandikie, na huyo bibi harusi atanisamehe. Ningekwambia kwa Kisamia, lakini Kisamia cha Zaituni ni cha kununulia mboga tu, kwa hiyo tunatumia Kiswahili chetu cha mpakani. Afadhali. Kwa Kisamia ungenijibu kabla sijamaliza.

Ameniuliza sasa hivi, naye ananiita bibi kwa Kisamia kama unavyoniita wewe, "Kukhu, kweli niandike 'kipofu'? Si useme macho hayaoni vizuri?"

Nimemwambia aandike kipofu. Jicho moja limekufa ukungu, la pili linaelekea huko. Neno halinitishi. Kinachonitisha ni ulichosema jana.

Ulimwambia Zaituni, hukuniambia mimi, kwamba huendi. Kwamba utawaomba wa chuo wakushikie nafasi mpaka mwaka ujao, ukae hapa uniangalie mpaka macho yapone. Ulidhani Zaituni ataificha siri hiyo. Huyu? Huyu hawezi kuficha hata pindo la sketi.

Sasa nisikilize, na usinijibu, huwezi kuijibu karatasi.

Tuanze na lile kopo. Yule mwanamume wa kipaza sauti, anayesimamisha gari lake karibu na malori yanayongoja kuvuka, alikuuzia vidonge vya kuondoa uzee. Nilimsikia kwa masikio yangu: macho yatang'aa, magoti yatalainika, ngozi itarudi kama ya msichana. Ulikuja nyumbani unakimbia. Ulinitilia kimoja mkononi na maji kikombeni, ukasimama hapo kama askari mpaka nimeze.

Sikumeza. Nilikibana shavuni. Vyote nilivibana shavuni, Nekesa, na ulipotoka nilimtupia yule mtetea mzee mweusi. Amekula kopo zima. Bado ni mzee, bado hatagi, na bado anachechemea. Kama dawa ile ingekuwa ya kweli, leo angekuwa kifaranga.

Ulipojua ulinikasirikia mpaka ukalia. "Kukhu, ni antioksidanti! Ni za kulinda mwili!" Na mimi nikakuuliza, aliyenifundisha kwamba dawa za makopo haziongezi maisha ni nani? Si wewe mwenyewe? Ulikuwa unajua. Uliinunua kwa mkono wa hofu, na hofu haijasoma kitabu chochote.

Nikukumbushe siku ile uliyonifundisha, maana mimi siwezi kuisahau. Ilikuwa likizo. Umekaa kwenye kigoda unanimenyea karanga, mimi naonja zile za kusaga zilizorudishwa na mteja wa ng'ambo ya Kenya. Zilikuwa zimechacha, chungu, zinakwaruza koo.

Ukasema, "Kukhu, unajua nini kimeziharibu?"

"Uvivu wa aliyezisaga na kuziacha wazi."

"Hewa."

"Hewa gani?"

"Hii tunayovuta."

Nikakucheka. Nikasema elimu imekukalia kichwani vibaya, kwamba hewa inayonipa uzima ndiyo inaniharibia mali. Hukukasirika. Ukanieleza taratibu, na mimi nikaacha kucheka. Ulisema ndani ya hewa kuna oksijeni, nayo huyauma mafuta ya karanga. Na kile kilichoumwa hugeuka kikamuuma jirani, na jirani akamuuma wa pili, kama ugomvi wa wanawake kwenye foleni ya maji, anayesukumwa naye anasukuma. Ulisema ndani ya miili yetu iko hivyohivyo. Tunakula, mwili unakichoma chakula upate nguvu, na palipo moto cheche huruka. Cheche zinauma ngozi, zinauma mishipa, zinauma kile kioo kidogo cha ndani ya jicho. Mwili una walinzi wake wa kuzizima, na chakula kinaleta walinzi wengine. Ile ngozi nyembamba nyekundu ya karanga, ukasema, imejaa walinzi hao.

Hapo niliruka! Nilijua tangu zamani kwamba karanga yenye ngozi yake hukaa, na iliyomenywa ikawa nyeupe huwahi kuharibika. Nilijua kwa ulimi. Wewe ulinipa sababu. Sikuwahi kukwambia jinsi nilivyofurahi siku ile. Nilikwambia tu umenye haraka.

Lakini kuna jambo ulilisema mwishoni, huku unapeta maganda, kama kitu kidogo. Ulisema mwalimu wenu amewaambia watu walipewa walinzi wa vidonge, wengi sana, wakafuatiliwa, na hawakuishi zaidi kuliko wenzao. Na wengine, wavuta sigara, vidonge vilizidi kuwaumiza. Nikauliza imekuwaje. Ukasema mambo ya uzee ni mengi, cheche ni sababu moja tu na hata hiyo wataalamu bado wanabishana. Tena ukasema cheche si adui mtupu. Mtu akilima, akibeba maji, akipanda mlima, cheche huruka kidogo, na mwili ukizisikia unaamka, unajenga walinzi wake wenyewe. Ukiuzimia mwili kila cheche, unalala.

Ukadhani sikuelewa. Nilikuwa namfikiria mama mkwe wangu.

Humjui, ulikuta kaburi tu, lile unalopalilia kila Krismasi. Auma aliitwa. Mimi nilitoka Kwapa, msichana wa Kiteso, nikaolewa hapa Usamiani, na wanawake wa huku walinitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. Ilinibidi nionyeshe kwamba nimelelewa. Na kwetu, kama kwa hawa, mke mwema anajulikana kwa jinsi mama mkwe wake asivyogusa kitu. Basi nikamnyang'anya kila kitu. Nilianza na mtungi wa maji, nikafuata jiwe la kusagia simsim. Kisha jembe.

Alikuwa mzee, lakini mzee wa kusimama. Alikuwa anapalilia mistari yake ya karanga huku anawatukana kunguru kwa majina ya wakwe zake. Siku niliyochukua jembe aliniambia, "Wee Mteso, nirudishie."

"Pumzika, mama."

"Nimepumzika jana."

"Mama, watu watanisemaje wakikuona unalima na mimi nipo?"

Akanitazama sana. Akasema, "Kumbe napumzika kwa ajili ya watu," na akakaa.

Alikaa kweli. Kwenye mkeka mzuri niliousuka mwenyewe, kivulini, uji mkononi, maji ya moto ya kuoga. Kisimani wanawake wakasema huyo Mteso ndiye mke, tazameni ngozi ya mama mkwe wake inavyong'aa. Nami kichwa kikawa kikubwa. Sikuona mapaja yakikonda chini ya kanga. Sikuona kwamba akiinuka anashika ukuta, kisha anashika ukuta na mimi, kisha haombi tena kuinuka. Aliacha kuwatukana kunguru, nikasema amepata utulivu wa uzee. Siku moja alijaribu kwenda msalani peke yake mimi nikiwa sokoni. Alianguka mlangoni. Hakusimama tena mpaka tukamzika.

Matangani walinipa kiti. Wazee waliwaomba wake zao waje wanione. Nilikalia kile kiti.

Sisemi nilimuua. Alikuwa mzee, na wazee hufa, hata wanaolima. Ila nilimnyang'anya jembe kabla mauti hayajalifikia, na nilifanya hivyo kwa upendo, na kila mtu akanisifu. Ndiyo maana ninakuogopa, Nekesa. Wezi ninaijua dawa yao. Mtu anayenipenda akija na mkeka, nani atapiga kelele?

Zaituni ameacha kuandika, anapangusa macho kwa kitambaa cha bibi harusi. Nimemwambia kikichafuka atalipa yeye.

Ulipokuwa mdogo tulikuwa na mbegu za karanga nzuri kuliko zote nilizowahi kuotesha. Unakumbuka? Nilizipenda hata nikaogopa wadudu, nikaogopa panya, nikaogopa na hiyo hewa kabla sijaijua jina. Nikazitia kwenye mtungi wa plastiki bado zina unyevu wa shamba, nikakaza kifuniko, nikafunga na mpira juu. Mvua zilipokuja nikafungua. Ukungu wa kijani na harufu ya kaburi. Hakuna hata moja iliyoota. Zile za jirani, mvivu yule, zilizoachwa ndani ya maganda kwenye gunia la katani linalopitisha upepo, ziliota zote. Mbegu inapumua, mwanangu. Hewa ndiyo itakayoizeesha, na bila hewa haifiki hata huko kwenye kuzeeka.

Sasa nije kwenye macho, maana najua unasoma haraka ukitafuta hapo.

Wewe ulinishinda kwa jambo la moshi. Nilikubishia miaka. Juu ya mafiga yangu kuna uchaga, na juu ya uchaga naning'iniza mahindi ya mbegu na wimbi, moshi unayakausha, wadudu hawayagusi. Nikawa nasema moshi unakaza macho kama unavyokaza mahindi. Ulileta yale mabati mawili ya bomba la kutolea moshi nikayafanya mlango wa banda la kuku. Ulikuwa sahihi, mimi nilikuwa mpumbavu mwenye kiburi. Moshi umeuma kioo cha jicho kidogokidogo, pamoja na jua, pamoja na miaka. Daktari wa Tororo alisema ni mtoto wa jicho. Akasema hakuna kidonge wala tone la kuuyeyusha huo ukungu, ni kupasuliwa, upasuaji mdogo.

Nikamuuliza, "Mdogo kwa nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikarudi nyumbani, na tangu hapo umeniomba, umenibembeleza, umeniletea mchungaji, umeniletea mwanamke wa Mukuju aliyepasuliwa akaja kunisomea gazeti kama mtoto wa shule. Nikawa nasema niache, nimeona vya kutosha duniani.

Niliongopa. Sijaona vya kutosha. Nilikuwa naogopa kisu, na mwenye akili yeyote huogopa kisu karibu na jicho. Lakini zaidi ya kisu niliogopa mkeka. Niliona ungenikalisha kivulini na bandeji yangu, uji mkononi, na ungesema pumzika Kukhu, watu watasemaje. Na ungefanya vizuri sana. Ungekuwa mjukuu wa kusifiwa kisimani.

Kwa hiyo tumefungana kamba mimi na wewe. Wewe huendi mpaka jicho lipone, na mimi sipasuliwi kwa kuogopa utabaki. Tungezeekea hapo wote wawili, mmoja mzee wa kweli, mwingine mzee wa kabla ya wakati.

Leo nimeikata hiyo kamba.

Kesho asubuhi usinitafute stendi. Sitakuwepo kukupungia mkono, na hata ningekuwepo ningempungia mtu mwingine. Wakati wewe unapanda basi la Kampala, mimi na Zaituni tutakuwa kwenye gari la Tororo. Nimeandikishwa kwa watu wa macho. Nimeweka dole gumba mwenyewe. Muuguzi aliniuliza nani atakayenitia dawa ya matone, nikasema jirani yangu Mwislamu mwenye mdomo mrefu. Zaituni amekubali. Ameandika hata hilo la mdomo.

Na hapa ndipo napiga mguu chini. Ukishuka kwenye basi hilo, ukarudi kunitafuta hospitalini, nami nitashuka kwenye kitanda cha daktari. Nakuapia kwa kaburi la Auma. Nitatembea mpaka nyumbani Busia na ukungu wangu, nitaanika karanga kwa kupapasa, na utakaa na kipofu mkaidi mpaka mmoja wetu afe. Unanijua. Unajua nimewahi kutembea mbali zaidi kwa hasira ndogo zaidi.

Ukienda, nitalala chali kama kondoo, wafanye kazi yao.

Daktari amesema siku kadhaa nisiiname, nisikaribie moshi. Nitamtii, yeye na siyo mkeka. Siku alizosema zikiisha, narudi kwenye karanga zangu. Na yale mabati yako nimeyatoa kwenye banda. Fundi atayapachika juu ya jiko nikiwa huko. Kuku watatafuta mlango mwingine.

Usidhani nataka ujana. Yule mwanamume wa kipaza sauti ananiudhi kwa hilo kuliko uongo wenyewe. Ujana wangu nilikuwa na meno yote na akili nusu. Nilimkalisha mwanamke mzima kwa sababu ya sifa za kisimani. Nani anataka kurudi huko? Magoti yanalia, yalie, yamebeba. Mikono hii imekunjamana kwa jua na maji na moto na wewe. Cheche zake nimezila mwenyewe. Uzee utakuja kunichukua, haya, uje, lakini utanikuta nimesimama, na utalazimika kuninyang'anya jembe kwa nguvu, halitatolewa kwa adabu.

Na wewe usijitunze kama yai huko uendako. Utakutana na vya kukuuma, masomo yatakuuma, upweke utakuuma, siku nyingine utajiona mjinga kuliko wote chumbani. Acha viume kidogo. Ulisema wewe mwenyewe mwili unajijenga hivyo. Sidhani kama moyo umeumbwa na fundi mwingine. Vikizidi, nipigie simu, nitakutukana mpaka upate nguvu.

Ndani ya begi kuna karanga kwenye kitambaa changu cha kichwani. Ziko na maganda yake. Menya za kula siku hiyo tu.

Nina jambo moja la mwisho, na Zaituni, hili liandike polepole.

Siku hizi nakujua kwa hatua, Nekesa. Nakujua kwa vile unavyoburuta kandambili mlangoni, na kwa kukohoa kwako kabla ya kuniomba kitu. Uso wako ninao, lakini ni wa zamani, wa msichana wa darasani mwenye mashavu. Huo mpya sijawahi kuuona sawasawa. Watu wananiambia umefanana nami. Sina namna ya kubisha.

Utakaporudi likizo, fika mchana, jua likiwa juu. Vua kandambili barabarani. Usikohoe. Simama mlangoni usiseme neno, na nyamaza mpaka mimi niseme ni nani huyo.

Na kama umezeeka kidogo, nitakwambia.

Kukhu wako